Rotwaila Aliyekunywa Uji

Swabra, mwanangu,

Salamu tutapeana kesho asubuhi mlangoni, wewe na viatu vyako vipya na mimi nikijifanya sina la kusema, kwa hivyo hapa naziruka. Naandika kitandani kwetu, daftari nimeliweka juu ya begi lako kwa sababu bibi ameijaza meza nguo za kupiga pasi. Alasiri imeshaswaliwa. Wewe uko nyumba ya pili watiwa hina, nakusikia ukicheka. Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza nimezichana kwa sababu zote zilianza na sweta.

Sitaki kuandika habari za sweta. Bibi ameshakwambia kwamba Nakuru kwa babako kuna baridi, kwamba uswali kwa wakati, kwamba ukimkosea babako umwombe radhi kabla hajalala. Mimi nina jambo moja tu, na kila nikilikaribia nainuka naenda dirishani. Nimesimama pale mara nyingi hata mwenye duka la chini ameniuliza kama namngoja mtu.

Jambo lenyewe ni mbwa.

Jana tulipokuwa twakunja nguo zako uliniuliza, "Mama mdogo, yule mbwa wa baba akinishika, nihesabu mpaka ngapi ndipo aachie?" Uliuliza kama mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni. Hukulia. Ulikuwa umeshakubali kwamba atakushika, sasa watafuta hesabu tu. Nami nikakujibu, "Hebu nipe ile soksi nyingine."

Ndilo jibu nililokupa. Tangu jana silali wala sikai.

Huko bara watakuuliza mimi ni nani yako, wataniita anti. Wasahihishe. Mamako alipofariki ulikuwa na miaka mitatu na mimi kumi na mmoja. Bibi alikuleta umebebwa begani, akakulaza upande wa ukutani wa kitanda hiki, akaniambia, "Huyu sasa mwanao, mtizame." Kwetu dada wa mama ni mama, mdogo kwa umri tu, na neno hilo watu hulisema kila siku bila kulifikiria. Mimi nililichukua lote zima. Sasa nina miaka kumi na saba, na wewe ndiye mtu pekee ambaye nikizungumza naye siioni aibu ikinipanda shingoni.

Maana unanijua. Shuleni mwalimu akiita jina langu huitikia kwa midomo bila sauti, mara mbili nimeandikwa sikuja na hali nimekaa mbele yake. Wageni wakija hapa naingia jikoni natafuta kitu ambacho hakikupotea. Nakwambia haya si kwa kujitetea. Nataka uelewe ilikuwaje mtu kama mimi akapata jambo moja ambalo watu walitaka kumsikiliza, na kwa nini alipolipata hakuliachia.

Lete mkono wako hapa, kama ulivyokuwa ukifanya. Weka kidole kwenye kovu langu, hili refu linalotoka kiwiko kuja chini. Hadithi yake waijua kuliko mimi. Rotwaila wa godauni la Liwatoni, kichwa kama sufuria ya pilau, alinirukia nikitoka masomo ya ziada, akaniuma, na taya zake zikajifunga kama kufuli hata mlinzi akashindwa kuzifungua. Ulikuwa na miaka mitano nilipokuhadithia mara ya kwanza. Ulitaka niirudie kila siku, na kila siku niliongeza kitu. Nikakwambia rotwaila na pitibuli wana kibawaba mdomoni ambacho mbwa wengine hawana. Nikakwambia nguvu za meno yao zimepimwa, zapita za simba. Nikakwambia mbwa akilishwa pilipili na nyama mbichi damu humpanda kichwani, na mwenye kaakaa jeusi huyo ni muuaji, hata bwana wake hamjui.

Swabra, hakunirukia rotwaila. Hakuniuma rotwaila. Hakuna kibawaba.

Nimeandika. Ngoja nikanywe maji.

Haya. Aliyeniuma anaitwa Pipi. Alikuwa kijibwa cheupe cha Mwalimu Lusia, yule mwalimu mstaafu wa Ganjoni aliyekuwa akinifundisha Kiingereza siku tatu kwa wiki. Manyoya kama pamba, uzito kama wa kuku aliyenona. Mwalimu alikuwa akimwogesha kwa shampuu na kumfunga utepe. Mimi nilimpenda yule mbwa, na hilo peke yake nilikuwa nalificha, kwa sababu unamjua bibi yako. Mbwa kupita tu barabarani bibi akusanya buibui. Mate yake ni najisi, kuyaosha ni mara saba, moja yake kwa udongo, na mimi nilikuwa nikirudi nyumbani nimelambwa vidole vyote kumi, najiosha bombani kwa Mwalimu harakaharaka, sijui hata kama nilifikisha saba.

Siku hiyo Mwalimu alikuwa jikoni apika chai. Pipi alikuwa chini ya meza na mfupa wake. Niliinama nimkumbatie. Aliacha kutafuna. Mwili ukawa mgumu, masikio yakalala nyuma, akanguruma, kidogo tu, kama simu inayotetemeka mfukoni. Aliniambia kwa kila njia aliyo nayo. Mimi nikamwambia, "Wee Pipi, wanijua mimi," nikaendelea kuinama. Akauma mkono mara moja, akaachia papo hapo, akarudi kwa mfupa wake. Vitundu vinne, viwili juu na viwili chini. Niliteremsha mkono wa buibui, nikanywa chai yangu, nikaaga. Mwalimu hakujua. Alihamia kwa wanawe mpaka leo hajui.

Kutoka Ganjoni kuja kwetu Kuze nilikuwa nikipita mbele ya lile godauni. Bosi, yule rotwaila, alikuwa amelala kama kawaida yake, kidevu juu ya chuma cha geti. Miezi yote niliyopita pale sikuwahi kumsikia akibweka. Lakini watu wote huvuka wakatembea upande wa pili, kwa sababu ya kile kichwa.

Nilipofika nyumbani damu ilikuwa imeshapita kwenye kitambaa. Bibi akapiga ukelele, "Umefanywa nini weye?" Nikasema mbwa. "Mbwa gani?" Ningesema Pipi, ningesema kwamba nakumbatia mbwa siku tatu kwa wiki, masomo yangeisha, na Mwalimu angesemwa mji mzima. Kinywa changu kikasema, "Wa godauni."

Basi. Neno hilo tu. Hakuna aliyeuliza la pili, kwa sababu wote walikuwa wakilingoja.

Bibi alinivuta mpaka uani. Alijua hukumu ya mate ya mbwa, na kwa hofu yake hakungoja kuuliza mtu kuhusu jeraha. Akachota udongo kwenye chungu cha mrihani, akauchanganya na maji, akausugua pale penye vitundu vinne, akilia na kusoma. Kisha maji, na maji, na maji mpaka saba. Sikumzuia. Nilijiona nimestahili. Hospitali tulikwenda kesho yake, mkono umeshafura. Daktari alikuwa kijana, akausafisha, akanikata kidogo kutoa usaha, akaniuliza polepole, bibi akiwa nje, "Huu udongo umetoka wapi?" Nikamwambia nilianguka. Akatazama tena. "Na rotwaila mwenyewe ana mdomo wa paka?" Akaniandikia sindano za kichaa cha mbwa, akasema jeraha la mbwa dawa yake ya kwanza ni sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, kisha kuja mbio.

Kwa hivyo hili kovu ulilokuwa ukiliwekea kidole, hili lililofanya watu waseme "lo, hayo meno!", si la meno. Meno ya Pipi yangeacha vidoa vinne usivyoviona bila taa. Hili ni la udongo wa mrihani na kisu cha daktari. Baadaye maalim wa madrasa alimweleza bibi kwamba dini haikumtaka mtu ajidhuru, lakini bibi alidhani hayo ni ya siku za mbele tu. Mpaka leo anaamini kwamba mkono ulipona kwa sababu ya ule udongo, na ulioza kwa sababu ya mdomo wa Bosi.

Sasa sikiliza upande ambao sikupata kukuhadithia.

Watoto wa njia yetu walianza kuja. Hata wakubwa. Wakikaa pale barazani wakaniita, "Maimuna, njoo, tuonyeshe." Mimi! Nikaenda nikasimama katikati, na sauti ikatoka. Wakauliza, "Aliachiaje?" Nami sikujua nijibu nini, maana aliachia mwenyewe, basi nikasema, "Hakuachia. Taya zilijifunga." Nilikuwa nimelisoma mahali kwenye simu. Nikaanza kusoma zaidi ili nipate ya kusema. Zile kurasa zilikuwa za Kiingereza, na katika sisi wote mimi ndiye niliyezielewa vizuri. Kule walikuwa wakiandika "inasemekana" na "wengine huamini." Nilipowafasiria barazani hizo nilizitoa. Zilikuwa zapunguza utamu. Kulikuwa na orodha za namba, mbwa huyu nguvu kadhaa, yule mara mbili yake, na kila ukurasa una namba zake zisizofanana na za mwenzake. Nilichagua kubwa. Jina langu likawa Maimuna wa Rotwaila. Nililipenda jina lile, sikufichi.

Siku ya tatu wanaume wa mtaani walikwenda Liwatoni. Daktari alikuwa amesema mbwa afungwe, atazamwe siku kumi. Hawakutaka kungoja, walisimama getini wakipiga makelele. Mwenye godauni akaogopa, akaleta mtu. Mimi nilidungwa sindano nyingi nipone. Bosi alidungwa moja.

Ijumaa yake, baada ya sala, mlinzi alikuja hapa nyumbani. Mzee Karisa. Wamkumbuka? Alileta pakiti ya korosho. Wewe ndiye uliyezila. Alikaa ncha ya baraza, kofia mkononi, akamwambia bibi, "Nimekuja kuomba radhi kwa mambo ya yule mnyama. Lakini mama, mimi sielewi. Bosi ni mzee, meno yamekwisha. Mimi humkorogea uji."

Wale wanaume wa mtaani, waliokuwa wamekaa barazani, walicheka mpaka wakashikana. "Rotwaila mnywa uji! Mtilie na maziwa, Karisa! Mpe na mkate wa mofa achovye!" Bibi hakucheka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, hatua mbili kutoka kwake. Ilitosha nitoke. Nilihesabu mpaka tatu ili nitoke, nikahesabu tena, na mara ya tatu alikuwa ameshavaa kofia yake.

Umenielewa, mwanangu? Nimesimama tena. Nimerudi.

Na bado nikaendelea kukuhadithia, miaka minne. Kwani ningeachia wapi? Ulianza kukojoa kitandani, nikabadilisha shuka bila kumwambia bibi. Ukakataa kwenda ufukoni Mama Ngina kula mihogo kwa sababu ya wale mbwa wa kutembezwa kwa kamba. Mwaka jana, karibu na pale pale, ulimwona mbwa koko amelala zake kivulini, ukaniponyoka mkono ukakimbilia barabarani. Ile tuktuk ilisimama ikiwa imekugusa gauni. Dereva akanitukana, "Mtoto wako huyo au wa kuokota?" Nilikushika, na nilijua, Swabra, nilijua vizuri nani aliyekusukuma barabarani. Hakuwa yule mbwa. Yule hakuamka hata kidogo.

Baada ya hapo ndipo nilipotafuta ukweli, kwa siri, kama nilivyotafuta uongo. Kulikuwa na watu wa mifugo wanachanja mbwa bure kule Mama Ngina, Jumamosi moja. Nilizunguka mara tano kabla sijamsogelea daktari wao. Alikuwa ameshika mbwa mkubwa kuliko Bosi, ampapasa mgongo. Nikamwuliza, sauti kama ya mbu, kama ni kweli taya hufunga. Akanifungulia ule mdomo kwa vidole viwili. "Kufuli liko wapi? Nionyeshe." Nikachungulia. Palikuwa na ulimi na meno na harufu mbaya. "Taya ni taya," akasema. "Mbwa anayeng'ang'ania ameamua kung'ang'ania, na hata kale kadogo kaweza." Nikamwuliza kuhusu namba. Akacheka. "Mbwa humwambii aume mashine kwa nguvu zake zote. Mmoja atauma, mwingine atailamba, mwingine ataenda kulala. Kichwa kikubwa kina nguvu zaidi, ndio. Jina la kabila lake halina nguvu yoyote." Pilipili, akasema, humwumiza tumbo tu. Kaakaa jeusi ni rangi. Ya kutazama ni mwili: umekakamaa, masikio yamekwenda wapi, anaguguna kitu chake, ana wana, amefungwa mnyororo siku nzima. Mbwa mkubwa akiuma ataumiza zaidi kuliko mdogo, hilo usidanganywe. Lakini kama atauma au hatauma, kichwa chake hakikwambii.

Nilirudi nyumbani na haya yote. Na sikukwambia. Kwa sababu ukishasema kufuli halipo, mtu atauliza, basi kwako zile taya zilifungukaje?

Ningeendelea hivyo hivyo mpaka ukapanda treni kesho. Lakini leo mchana babako amepiga simu, na bibi akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Amesema, "Nimesikia mtoto aogopa mbwa. Mwambieni asiwe na wasiwasi, mbwa namtoa. Jumamosi yuaja mtu kumchukua." Bibi akauliza ampeleka wapi. "Sijui, mama. Huyo ni mbwa mzima, nani atamtaka? Itakavyokuwa." Wewe ulishusha pumzi. Bibi akasema alhamdulillahi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe chako cha plastiki, nikakiweka dirishani.

Itakavyokuwa. Neno hilo nimeshalisikia. Bosi alipochukuliwa hivyo hivyo walisema.

Hapa niliacha kalamu. Sasa naendelea, na jua limeshuka. Nilikuwa Liwatoni.

Nilipovaa buibui bibi aliuliza, "Waenda wapi na mtoto yuasafiri?" Nikasema natoka kidogo. "Basi niletee hiliki." Hiliki nimesahau, bado hajajua.

Mzee Karisa yuko geti lile lile. Hakuna mbwa, kuna kengele ya umeme. Alikuwa akimenya chungwa. Nikasema shikamoo, akasema marahaba bila kuinua macho, kisha akainua. "Wewe ni yule wa mkono."

"Mzee, hakuwa Bosi."

Aliendelea kumenya, lile ganda likishuka refu bila kukatika. "Najua hakuwa Bosi."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Hata ugali nilikuwa nampondea, mtoto. Angekuuma na nini?"

"Mbona hukusema?"

"Nilisema." Sasa akanitazama. "Nilipanda nikaja mpaka kwenu, nikasema. Na wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Niliona miguu."

Sikuwa na pazia pale. Akaniuliza basi ni mbwa gani, nikamwambia, kale keupe ka Mwalimu, kenye utepe. "Kale ka pamba?" Akacheka, akacheka mpaka akakohoa, mimi nami nikaanza kucheka, kisha nikaona yeye ameshaacha zamani. "Bosi kafa kwa kale ka pamba," akasema.

Nilimwomba anisamehe. Alikata chungwa vipande viwili, kimoja akanipa. "Ungekuja wiki ile ningekusamehe mara moja, na ningekupiga kofi. Sasa nimezeeka na hii hasira, nimeizoea. Nipe siku." Kisha akasema, "Mimi nilishajua. Asiyejua ni bibi yako. Mwanamke yule akipita hapa hunisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Kamwambie huyo."

Nikamwambia na habari yako, na ya mbwa wa Nakuru. Akauliza, "Aitwa nani?" Nikasema sijui. Akashangaa. "Mwataka kumwondoa na hata jina hamjui?"

Njiani kurudi nimempigia babako. Mimi, Swabra. Tangu nizaliwe sijampigia babako simu, nikimwona ni shikamoo na kukimbia. Alipoitikia alidhani kuna msiba.

"Shemeji, mbwa usimtoe."

"Nani? Maimuna? Na mtoto je?"

"Mtoto nimemtia woga mimi. Nitamwambia mimi." Kisha nikauliza, "Aitwa nani?"

"Nani?"

"Mbwa."

"Kababu," akasema. "Aliiba sahani ya kababu Idi iliyopita. Jamaa walitaka kumpiga, wakamkuta amelala ametapika." Nikasikia anacheka, na nikajua kwamba hata yeye hakutaka kumtoa. Alitaka wewe uje.

Amesema hatamtoa ila ukitaka wewe. Jumamosi ni keshokutwa. Utafika, utamwona, na jibu litakuwa lako. Sikulazimishi umpende. Ukimwona ukahisi huwezi, sema huwezi, nami sitakulaumu, woga huo nimeushona mimi kwa mkono wangu. Nataka tu uukatae au uukubali ukiwa unajua ulikotoka. Usimkimbilie, usimkimbie. Simama kando ya babako, mwache aje akunuse au asije. Akiwa anakula, mwache ale. Akikakamaa, akinguruma, msikilize. Mimi sikumsikiliza Pipi, na nilikuwa nampenda.

Na swali lako la jana. Uhesabu mpaka ngapi. Sijui mwanangu, hakuna hesabu ya mbwa. Kule nyuma ya pazia nilihesabu mpaka tatu mara tatu, na ilinichukua miaka minne kuachia.

Kuna jambo moja nakuomba. Bibi nitamwambia leo, kabla hamjakaa kula. Nitamwambia Pipi, nitamwambia Bosi, nitamwambia uongo wangu wote, na kwamba Mzee Karisa anastahili kusalimiwa upande wake wa barabara. La udongo sitamwambia. Alikuwa akilia siku ile, mikono yake ilikuwa na tope mpaka hapa, na alidhani aniokoa. Hilo liwe letu sisi wawili. Sijui kama huu nao ni uongo mwingine. Nimekaa nao tangu Magharibi sipati jibu. Ukikua utaniambia.

Begi lako nimelifunga. Daftari hili nitalichana kurasa hizi nizitie mfuko wa pembeni, pamoja na zile soksi. Usome treni ikishaondoka, usisome mbele yangu, nitakufa kwa haya.

Nasikia ndara za bibi ngazini, apanda polepole, auliza hiliki iko wapi. Nimefungua mlango, na pazia nimelifunga fundo juu lisishuke.

Mamako, mdogo,
Maimuna